Dieumerci na Viti vya Mama Mkwe

Katika mtaa mzima wa Bel-Air, mjini Lubumbashi, Dieumerci alikuwa mwanaume pekee aliyefungwa na kitu alichokiumba kwa mikono yake mwenyewe, tukiwaacha pembeni wale wenye watoto kumi. Wengine hufungwa na pombe, wengine na wachungaji wao. Yeye alifungwa na programu ya kompyuta ya kuhesabu viti.

Viti vilikuwa vya mama mkwe wake, Mama Simone, mjane wa Kikasai mwenye sauti ya kengele ya parokia, aliyekodisha viti, mahema na masufuria kwa ajili ya harusi na vilio. Watu wa Lubumbashi hawachoki kuoa wala kufa, na mara nyingi huyafanya yote mawili Jumamosi moja, kwa hiyo biashara ile haikujua msimu wa njaa. Depo ilikuwa mbele ya lupango, yaani ua wa familia, nyumba kubwa katikati, na nyuma kabisa, ukishapita jiko la makaa na banda la bata, kulikuwa na kinyumba cha vyumba viwili alimokaa Dieumerci na mke wake Kiki, binti wa Mama Simone. Kutoka kule nyuma kwenda barabarani njia ilikuwa moja tu, nayo ilipita chini ya dirisha la mama mkwe.

Mtu asiyejua mambo ya Kasai anaweza kudhani kwamba kukaa lupango moja na mama mkwe ni kuonana naye. Thubutu! Katika ukoo wa Kiki, mkwe wa kiume hamshiki mama mkwe mkono, hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, hakalii kiti alichokalia yeye, na zaidi ya yote hasemi naye mdomo kwa mdomo. Akiwa na neno, humpa mke wake, mke akalipeleka, na jibu likarudi kwa njia ileile. Dieumerci alipopita chini ya lile dirisha aliinamisha kichwa na kuambaa ukuta kama mwizi wa kuku mwenye malezi mema.

Kazi ya programu alijifunza katika chuo kimoja ambacho tutakistahi kwa kutokitaja. Profesa alisoma kutoka kwenye karatasi zilizogeuka rangi ya mihogo ya kukaanga: “Encapsulation, nukta mbili, ni kuficha hali ya ndani ya kitu, mkato, na kuruhusu kifikiwe kwa njia zilizowekwa tu, nukta.” Wanafunzi waliandika mpaka zile nukta. Dieumerci alifaulu vizuri sana kwa sababu alizirudisha nukta zote mahali pake. Kompyuta yenyewe waliiona mwaka uliofuata, kwa mbali, ikiwa imefunikwa kitambaa.

Basi alipooa, na Mama Simone akasema kupitia Kiki kwamba depo inahitaji programu, Dieumerci aliketi akaiandika. Programu ya namna hiyo hujengwa kwa vipande vinavyoitwa klasi, na kila klasi ina vitu vyake vya ndani pamoja na kazi inazojua kufanya. Yeye aliunda klasi akaiita Depo, na ndani yake akaweka namba ya viti vilivyopo. Hapo ndipo alipojitia kitanzi. Ile namba aliiacha wazi. Ukurasa wowote wa programu uliweza kuisoma, kuipunguza, kuiongeza, kuifuta na kuiandika upya, bila kubisha hodi.

Si kwamba hakujua. Siku ile ile alipotaka kuifungia ndani, shemeji yake Ruphin, kaka wa Kiki, alikuwa amesimama nyuma yake akila karanga.

“Beau-frère, unafunga nini pale?”

“Namba ya viti. Mtu asiiguse hovyo.”

“Mtu gani? Hapa muko mwizi?” Ruphin aliacha kutafuna. “Tuko famille. Mu lupango ya mama hakuna kintu inafungwaga. Hata sukari iko inje. Ukifunga, mama atasema unatuogopa. Ama unaficha bulozi.”

Na kweli, katika lupango lile hata kabati la sahani halikuwa na kitasa. Mtu anayefunga kitu huko ana sababu, na sababu yenyewe huwa haisemwi mbele ya watoto. Mkwe mgeni, ambaye bado harufu ya mahari haijamtoka, hawezi kuanza maisha yake kwa kufunga. Dieumerci akaacha wazi.

Ruphin naye alikuwa amepita katika mafunzo ya kompyuta juu ya duka moja la dawa, akarudi na cheti na ujasiri, hasa ujasiri. Yeye ndiye aliyeandika ukurasa wa harusi. Mteja alipokuja kuagiza, ukurasa wa Ruphin uliingiza mkono ndani ya Depo na kupunguza viti. Kamyo, lile lori la depo, ilipopakia, ukurasa wa kamyo, ambao pia aliuandika Ruphin siku nyingine akiwa na mawazo mengine, uliingiza mkono ukavipunguza tena. Viti vilivyorudi vilirudishwa mara moja, au mara mbili, au havikurudishwa kabisa, kulingana na nani alikuwa kwenye mashine. Na Mama Simone alikuwa na ukurasa wake mwenyewe, wenye kisanduku kitupu na kitufe. Humo aliandika namba yoyote iliyompendeza. Akiota ndoto njema, viti viliongezeka. Akigombana na majirani, vilipungua.

Matokeo yake, kila Jumamosi kitu kilivunjika, na mtu mmoja tu duniani alijua mikono yote inaingilia wapi. “Dieumerciiii!” Sauti ya Ruphin ilimfuata chooni, ilimfuata kanisani, ilimfuata hata kitandani kwake, jambo ambalo Kiki hakulisamehe.

Ndipo simu ikalia kutoka Kolwezi. Bwana mmoja aitwaye Idrissa, mkuu wa kampuni inayotengeneza programu za magari ya migodini, alikuwa ameona kazi zake, na alimpa nafasi: ofisi, nyumba ya kukaa, wenzake wa kuandika nao. “Tunakungoja,” alisema Idrissa. “Ila usitungojeshe sana.”

Dieumerci alitamani Kolwezi kama mgonjwa anavyotamani uji wa ndimu. Lakini mwanaume mwenye heshima hamwondoi binti wa watu bila neno la mama yake. Na mwenye akili haondoki huku programu yake ikiwa kama tairi lenye viraka: siku ikipasuka, jina lake litatajwa katika sala za ukoo, na si kwa kuombewa.

“Mwambie mama tunaenda Kolwezi,” alimwambia Kiki, Jumamosi moja, akitoka depo na jasho la hasira.

Kiki alienda, akarudi.

“Amesema nini?”

“Anafikiri.”

Jumamosi iliyofuata, hivyo hivyo. Na ile nyingine. Mama Simone aligeuka kuwa mwanafalsafa.

Kisha ikaja siku ya Golf. Palikuwa na kilio katika villa moja kubwa ya mtaa huo wa matajiri, na saa zilezile harusi kule hoteli ya Karavia, kando ya maji. Asubuhi Ruphin alipiga mbio mpaka banda la bata.

“Beau-frère, njoo uone. Ordinateur inasema tuko na biti moins quarante.”

Yaani kompyuta ilihesabu viti arobaini chini ya sifuri.

“Viti gani hivyo?”

“Ile yenye haiyazaliwa, beau-frère. Sasa batu bataikala juu ya nini?”

Kabla Dieumerci hajafika kwenye mashine, Mama Simone alikwisha kuitibu kwa dawa yake. Aliandika kwenye kisanduku namba nene, ya kushiba, akabonyeza. Programu ikafurahi. Mahali pote pakawa na viti. Kamyo ikatumwa, na dereva alipokuta depo tupu aliitii programu kama mtu anayetii serikali: alienda Karavia, akachukua viti vilivyokwisha kupangwa kwa ajili ya harusi, akavipeleka Golf.

Wafiwa wa Golf, watu wa suti nyeusi na miwani ya giza, walikaa juu ya viti vyenye riboni za pinki na maua ya karatasi mgongoni. Mjane aliwekwa kwenye kile cha bibi harusi, kilichoandikwa “La Mariée”. Kule Karavia baba wa bibi harusi alitoa hotuba akiwa amekalia kreti ya bia, na wageni wake walimsikiliza wamesimama kama askari. Picha zilienea mji mzima kabla maiti haijafika makaburini.

Hukumu ililetwa na Kiki kwenye mlango wa kinyumba, taratibu.

“Mama anakushukuru kwa kazi. Anasema bila wewe ingekuwa mubaya zaidi.” Akaongeza: “Anasema kuanzia sasa hauwezi kwenda hata ku marché, kununua nyanya.”

Usiku ule Idrissa alipotuma ujumbe wa kuuliza, Dieumerci alijibu kwamba bado kidogo.

Aliamua kufunga, ulozi au si ulozi. Aliifungia namba ya viti ndani ya klasi, isionekane kutoka nje. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na mwoga, akaiwekea milango miwili: mmoja nipeIdadi, wa kuisoma, na mwingine wekaIdadi, wa kuibadilisha. Akajipongeza. Profesa angempa na nukta za ziada.

Ruphin alihitaji alasiri moja tu. Popote alipokuwa anaingiza mkono, sasa aliandika wekaIdadi, na maisha yakaendelea kama kawaida. Ilikuwa kama zile villa za Golf: ukuta mrefu, nyaya za miiba juu, geti la chuma, halafu mlinzi anayemfungulia yeyote anayesema “minaleta mukate”. Jumamosi ikaja, viti vikashuka tena chini ya sifuri.

“Lakini nilifunga!” alilia Dieumerci.

“Ulifunga muzuri,” Ruphin alimfariji. “Na ulituachia funguo. Merci sana.”

Siku hiyo alirudi kwenye kinyumba na hasira yake yote. Kiki alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo ya chakula cha jioni.

“Mwambie mama yako aache kugusa namba zangu. Anaharibu kazi ya watu. Kama anapenda sana kuhesabu, ahesabu bata wake.”

Kiki alimtazama, akarudi kwenye majani yake. “Ile siwezi kumuambia.”

“Kwa nini?”

“Haifai. Leta ingine.”

“Basi mwambie... mwambie anisaidie, asiandike kwenye kile kisanduku.”

“Ile inaenda.” Kiki alijifuta mikono, akaondoka. Dieumerci alimfuata kwa siri, akachuchumaa nyuma ya bata.

“Mama,” alisikia Kiki akisema jikoni, “mukwe wako anakusalimia na mikono mbili. Anasema batu banakuchokesha sana. Mutu akikuja kuomba biti, umutume kwake, weye upumzike.”

“Aaa,” ilisema ile kengele, ikiwa laini sasa. “Ule mutoto iko na roho muzuri.”

Bata mmoja alimdonoa kisigino na hakuhisi. Tangu aoe, alikuwa hajui ndani ya Mama Simone kuna nini. Hajawahi kumgusa. Hajawahi kupata nafasi ya kuandika ndani ya moyo wake neno “ndiyo” na kubonyeza. Alichoweza kufanya ni kuomba, kwenye mlango mmoja, na ombi bovu lilirudishwa palepale mlangoni kabla halijaharibu kitu. Yote mengine Mama Simone aliyaamua mwenyewe, huko ndani, kwa hesabu zake. Na tazama: kila kitu katika lupango lile kilikuwa kimewahi kuvunjika, isipokuwa yeye. Hajawahi hata siku moja kushuka chini ya sifuri.

Dieumerci alikuwa ameoa katika encapsulation na hakujua.

Aliirudia klasi yake kuanzia juu. Mlango wa wekaIdadi aliubomoa kabisa. Hakuna tena mtu wa kuiambia Depo ina viti vingapi, Depo inajua yenyewe. Badala yake aliweka milango ya haja za watu. Ombi la viti linakuja na tarehe yake na hesabu yake, na Depo inatazama ndani. Vikitosha inavishika, visipotosha inakataa na kusema sababu. Kamyo ikipakia haipunguzi kitu, inatoa taarifa tu kwamba vile vilivyoshikwa sasa vimetoka. Vikirudi, taarifa. Vikivunjika, taarifa, na jina la aliyevivunja. Kisanduku cha Mama Simone kikawa mahali pa kusema kwamba vimenunuliwa vipya. Hata orodha ya wateja, ambayo zamani Depo iliitoa nzima na Ruphin akawa anafuta humo kilio kisichompendeza, sasa Depo ilitoa nakala yake. Ni kama kumpa mtu picha yako: aichane apendavyo, pua yako inabaki usoni.

“Beau-frère,” Ruphin alisema mbele ya mashine, macho yamemtoka, “umenifungia inje!”

“Sijakufungia. Omba.”

“Niombe ordinateur? Mimi? Ile yenye siionake ndani yake?”

“Kila Jumapili unaomba nani, na umemwona wapi?”

Mtihani ulikuja umevaa kanzu nyeupe. Mchungaji mmoja, rafiki wa familia, aliingia lupangoni na sifa nyingi mdomoni: mama wa imani, nguzo ya Bel-Air, Debora wa nyakati hizi. Alitaka viti vyote kwa kongamano lake la Jumamosi. Mama Simone, ambaye hajawahi kumkatalia mtu wa Mungu, alisema ndiyo kabla hajamaliza kusifiwa, na kumwamuru Ruphin aandike.

Ruphin aliandika. Mashine ikajibu. Ruphin akasafisha koo.

“Mama... inasema haiwezekane. Biti ya ile siku biko na benyewe.”

“Andika tena.”

“Inakatala tena.”

Hakuna aliyekumbuka lini Mama Simone alikataliwa, na ndani ya ua wake, na mbele ya mgeni. Nyuma ya banda, Dieumerci aliona maisha yake yakipita: harusi yake, mahari yake, siku ya kufukuzwa kwake.

“Papa Pasteur,” ilisema sauti ya Mama Simone, polepole, kama mtu anayeonja kitu kipya ulimini, “umesikia? Haina mimi. Ningekupatia yote. Ordinateur njo inakatala.” Kisha kwa furaha ambayo hakuweza kuificha: “Na haisikiake bibilia!”

Tangu siku hiyo Mama Simone aligundua raha ya kukataa bila dhambi. Aliwakatalia binamu, mashemasi, na hata mtu wa ofisi moja ambaye zamani hakukataliwa na yeyote. Jumamosi zikawa na amani. Kamyo zilienda zilikotakiwa, wafu wakaliliwa juu ya viti vya wafu. Hakuna aliyemwita Dieumerci. Alikula bukari, ule ugali wa kwao, ikiwa moto mpaka akaanza kuota kitambi.

Mchana mmoja, akiwa ameshiba na roho imetulia, aliuliza, “Kiki, mama alijibu nini juu ya Kolwezi?”

“Anafikiri.”

“Tangu kabla ya mvua?”

Kiki aliinamia sombe yake. Dieumerci aliinuka. Alipita bata, akaenda moja kwa moja jikoni, mahali ambapo mguu wake haukuwa umekanyaga, akampa Mama Simone mgongo, akatazama ukuta wenye masizi, na kusema kwa sauti:

“Mama, samahani. Kuna kazi Kolwezi. Naomba ruhusa.”

Nyuma yake mwiko ulianguka. Alisikia kitenge kikivutwa kufunika uso. Kisha Mama Simone akaanza kuongea na sufuria, maana na mkwe asingeweza.

“Weye sufuria. Uulize ule mutu wa ku ukuta: Kolwezi gani?”

“Kolwezi ya kazi, mama. Niliyokuomba tangu zamani.”

“Sufuria, umuambie mi sijasikia Kolwezi hata siku moja. Kama ningesikia, ningemufungia ya nini? Mukwe si mateka.” Makaa yalitatarika. “Aende. Biti iko na mwenye kuichunga sasa. Hatumuhitaji tena sana.”

Mtu anaweza kungoja ruhusa muda mrefu, na siku ya kuipata ikamchoma. Dieumerci alitoka kinyumenyume ili asigeuke, akagonga mlango, akafika uani, akampigia Idrissa simu palepale.

Idrissa alikuwa mpole. Walimngoja, alisema. Walimngoja kweli. Lakini bila jibu kamili, wiki iliyopita nafasi walimpa kijana wa Likasi. Mungu akipenda, siku nyingine.

Kiki alikuwa amesimama mlangoni, majani ya sombe bado mkononi.

“Hukumwambia hata mara moja,” Dieumerci alisema.

“Kila Jumamosi ulinituma na kasirani. ‘Mwambie mama, mwambie mama!’ Neno ya kasirani siipelekake kwa mama, ulijua vile. Nilingoja siku utaisema muzuri.”

“Leo nimeisema vizuri.”

“Leo haukunituma.”

Dieumerci aliirudisha simu mfukoni. Alitembea mpaka depo. Kamyo ilikuwa inapakia kwa ajili ya sherehe moja ya Karavia, na wapakiaji walikuwa pungufu. Ruphin alimwona akivua shati.

“Beau-frère! Mama anasema unaenda Kolwezi?”

“Nitaenda.”

“Siku gani?”

Dieumerci alikumbatia rundo la viti kifuani, akapanda juu ya kamyo, na kusema wamletee vingine.